Tawi Nililomweka Mama Anitha

Riziki, mwanangu,

Wewe na baba yako mmekwenda Lweba kwa shangazi, na mimi nimebaki na mabegi yako. Niliwaambia kichwa kinaniuma. Hakiniumi. Nilitaka nyumba inyamaze kidogo nikuandikie kabla hamjarudi, maana haya nimeshindwa kuyasema kwa mdomo, mimi ninayefanya kazi ya mdomo.

Ya safari siyaandiki. Boti, Kalemie, njia ya Lubumbashi, nani atakupokea, maji ya kunywa, wavulana: shangazi yako amekuimbia hayo wiki nzima, na kama amesahau kitu atakipigia kelele kesho bandarini mbele ya watu. Baba yako naye amefunga begi lako kubwa kwa kamba ya nyavu mafundo saba. Sijui utalifungua vipi. Mwambie mwenyewe.

Tangu asubuhi nangoja kulia. Nimekunja nguo zako, nimekaanga ndagala za njiani, nimeziweka kwenye kopo, nimekaa. Hakuna machozi. Moyo umekufa ganzi, Riziki, kama mguu uliokaliwa muda mrefu. Usifikiri ni kwa sababu sikupendi. Ganzi hii ina miaka mingi, na leo nataka ujue ilianzia wapi, kwa sababu inamhusu Anitha.

Nalisema mara moja nisipate nafasi ya kuzunguka. Rafiki yako Anitha hana karatasi za utambulisho kwa sababu yangu. Wewe unakwenda chuo kikuu na yeye anabaki hapa Baraka kumsaidia mama yake kuuza mboga za lenga-lenga, na aliyefanya hivyo ni mimi.

Unajua kwamba mwaka Warundi walipovuka kwa wingi nilipata kazi ya ukalimani kwenye kituo walikopokelewa kabla ya kupelekwa kambi ya Lusenda. Unajua pia kwa nini nilipata. Nilipokuwa msichana vita vilitukimbiza, tukavuka ziwa, nikakulia kambini upande wa Kigoma. Jirani yetu alikuwa Murundi, nikajua Kirundi kwake. Sokoni walikuwa Waha, nikajua Kiha. Wewe mwenyewe ulizaliwa kule, ukarudi huku mgongoni mwangu. Ambacho hujui ni jinsi wanawake wa Baraka walivyonipokea kwenye bomba la maji. Nikifungua mdomo tu, wanacheka. "Musikie, Mutanzania anasema!" Eti Swahili yangu ni ya redio. "Weye uko wa nani?" waliniuliza. Nikataja baba, nikataja babu, nikataja ukoo wote, na bado mmoja akasema, "Aa-aa, huyu haiko wa hapa." Nilibeba ndoo yangu nikaenda kulia jikoni. Wakati ule nilikuwa bado nalia.

Basi, kazi. Mkubwa wa kituo tulimwita Shefu. Alikuwa mzungu mrefu, mpole, anayetokwa na jasho kwa pilipili na bado anaongeza. Alikuwa amesoma mambo ya lugha ujanani kabla ya kuingia kazi za misaada. Siku moja mchana, wakati wa chakula, aligeuza fomu moja akachora nyuma yake mti. Chini kwenye shina, akasema, palikuwa na lugha moja ambayo hakuna mtu aliyepata kuiandika. Watu wake walitawanyika, wengine wakaelekea Ulaya, wengine Uajemi mpaka Uhindi. Tawi hili Kilatini, na kutoka kwake Kifaransa, Kihispania, Kireno. Tawi lile Kijerumani na Kiingereza. Lile Kirusi na wenzake. Kigiriki peke yake. Na huku mbali Kiajemi na Kihindi. Familia moja, akasema, Kihindi-Kiulaya. Akahesabu moja, mbili, tatu kwa lugha sita, na lile neno la tatu lilikuwa karibu lilelile kila mahali.

Mimi nilishangaa jamani. Kumbe muuza vitambaa Mhindi wa Bujumbura na Mbelgiji wa zamani lugha zao ni za nyumba moja! Nilipomweleza baba yako akasema, "Kama ni ndugu, mbona sijawahi kuwaona wakisalimiana?" Nilicheka mpaka nikakaa chini.

Shefu aliniambia nina sikio. Hakuna aliyewahi kuniambia nina kitu, Riziki. Nilikuwa mke wa mtu, mama wa mtoto mmoja, Mutanzania wa bombani. Sasa nina sikio. Nikachora mti wangu mwenyewe: Kirundi, Kinyarwanda na Kiha tawi moja, Kifuliru na Kivira karibu yao, Kibembe chetu upande wake pamoja na Kilega. Nikaubandika ndani ya hema juu ya meza yangu. Ulikuwa mzuri. Kila aliyeingia na kufungua mdomo nilimweka kwenye tawi lake kabla hajamaliza salamu.

Na kweli walikuwepo wadanganyifu, siwezi kuficha. Watu wa vijiji vya hapa walijipanga mstarini na kusema ni Warundi, kwa sababu huko mbele kulikuwa na unga. Wafanyabiashara wa ng'ambo nao walikuwepo. Kwa hiyo Shefu alikuwa ananigeukia na kuuliza, "Huyu anatoka wapi?" Najibu. Anaandika. Mara nyingi nilijibu sawa. Hilo ndilo lililoniharibu.

Mama Anitha aliingia siku moja jioni jioni, mstari ulipokuwa unakaribia kwisha. Alikuwa na mtoto mgongoni na Anitha mkononi. Anitha alikuwa mdogo kama ulivyokuwa wewe, miguu ina matope hadi magotini. Akaulizwa kilima chake, maana Warundi hujitambulisha kwa vilima walikozaliwa, akakitaja. Akaulizwa majirani zake, akasita. Akaanza kueleza, na mimi nikasikia Kigoma mdomoni mwake. Siyo neno moja. Sauti nzima, namna ya kupanda na kushuka, namna ya kuita mtu. Ningeijua popote, ndiyo niliyochekewa nayo bombani. Na unajua nilisikia nini moyoni? Nilifurahi. Kama mwanafunzi aliyejua jibu kabla ya wenzake.

"Huyu si Murundi," nikamwambia Shefu kwa Kifaransa. "Ni Muha. Anatoka Kigoma."

Mama Anitha hakujua Kifaransa, lakini jina Kigoma alilisikia. Akanigeukia mimi, si Shefu. Akasema kwa Kirundi, haraka haraka: "Dada, mimi nilizaliwa Burundi. Tulikimbia nikiwa mtoto, nikalelewa kambini kule. Tuliporudi shamba letu lilikuwa na watu, na sasa tumekimbia tena. Mwambie."

Shefu akauliza, "Anasema nini?"

Nilikuwa nimechoka. Jua lilikuwa limepiga lile hema tangu asubuhi na nilikuwa na njaa. Lakini usinihurumie kwa hayo, wote tulikuwa na njaa, na yeye zaidi. Nilisema, "Anarudia yaleyale."

Ndivyo nilivyosema. Maneno yake nilikuwa nayo yote kichwani, mpaka leo ninayo, kama ulivyoona hapo juu. Sikuyatafsiri. Shefu aliandika, akasikitika kwa uso wake, akaita mwingine. Anitha alikuwa anautazama ule mti wangu niliobandika. Walitoka.

Miezi kadhaa baadaye nilikwenda Lusenda kwa kazi, na mzee mmoja Murundi akaniambia, tukiongea tu, kwamba ana mdogo wake wa kike aliyekataliwa kituoni, sasa analima shamba la watu huko Lweba. Alimtaja jina, akakitaja kilima kilekile. Yeye mwenyewe alikuwa ameandikishwa bila shida, kwa kuwa alibaki Burundi miaka yote na Kirundi chake hakina mahali pengine ndani yake. Nikasema, "Pole, mzee." Nikamaliza kazi yangu, nikapanda pikipiki, nikarudi nyumbani, nikapika. Siku ile, Riziki, ndipo ganzi ilipoanza. Shefu alikuwa ameshaondoka. Ningeweza kumwambia aliyekuja nyuma yake, ofisi ilikuwa ileile na mlango ulikuwa wazi. Sikumwambia, kwa sababu nilikuwa nina sikio, na mwenye sikio akikosea mara moja watauliza alikosea mara ngapi. Mimi mwenyewe sijui ni mara ngapi. Hilo silifikirii.

Halafu ukamleta nyumbani. Mlikuwa mmekaa benchi moja darasani. "Mama, huyu ni Anitha. Anajua hesabu kuniliko." Nilimtambua mlangoni palepale. Nikamkaribisha. Amekula bugali kwangu miaka saba, na kila mara nilimwekea samaki mkubwa, na wewe ukanung'unika eti nampenda kukuliko. Sikuwa namwekea kwa mapenzi. Baadaye nikampenda kweli, lakini mwanzo haukuwa hivyo. Na sokoni, uliponiuliza kwa nini tunazungukia kwa wauza mkaa wakati mboga ziko mbele yetu, nikakujibu pale pana matope. Hapakuwa na matope. Pale alikuwa amekaa Mama Anitha.

Kile kitabu cha Shefu cha mambo ya lugha, cha Kifaransa, alichoniachia alipoondoka, nilikuwa nimekitupa juu ya kabati. Ni wewe uliyekishusha. Mimi nilikuwa nimetazama michoro tu, sikusoma kurasa zinazoifuata. Nyinyi wawili mkazisoma zote. Mkachora mti mkubwa kwenye karatasi za mifuko ya saruji, mkaushona kwa uzi, mkautundika sebuleni mpaka baba yako akauliza kama nyumba imekuwa ofisi ya serikali. Mkawa mnahesabiana kwa lugha ambazo hakuna mtu hapa kwetu aliyepata kuzisikia. Nilikuwa napita pale na sahani zangu nikitazama chini.

Nadhani unakumbuka chakula kile cha mchana, Jumapili, tulipokula sombe ya majani ya muhogo. Ulikuwa unaongea huku unatafuna, kama kawaida yako.

"Mama, sikia hii. Kiarmenia! Balikiweka chini ya Kiajemi, miaka mingi kabisa. Batu ba masomo, tena bakubwa!"

"Kwa nini?" baba yako akauliza.

"Kwa sababu kilikuwa na maneno ya Kiajemi mengi, mengi sana. Batu bake balikaa chini ya Baajemi siku nyingi, bakaokota maneno. Sasa ule aliyesikiliza juu juu anasema, ah, huyu ni mutoto wa Kiajemi. Halafu mumoja akakuja, akaondosha maneno ya kuazima, akaangalia chini yake. Kumbe! Kiko na tawi lake chenyewe."

Na Anitha, polepole, akisukuma mifupa ya samaki pembeni mwa sahani: "Kilikuwa kimeishi kwa batu bengine tu."

Nilisimama nikatoa sahani kabla hamjamaliza. Ulilalamika. Nilikwenda nyuma ya nyumba nikasimama na zile sahani mkononi, sijui dakika ngapi, kuku wakala kila kitu. Mtoto yule alikuwa amesema kisa cha mama yake mezani kwangu bila kujua, na kitabu kilichokuwa na jibu nilikuwa nimekitupa juu ya kabati. Nilijiambia nitakwenda kwa mama yake kesho yake. Sikuenda.

Yakaja matokeo ya mtihani wa serikali. Anitha alikupita, tulisherehekea wote. Ndipo ukaanza kuuliza kwa nini haombi nafasi, nikasema labda hataki. Ukasema, "Mama, hana karatasi. Hapa si Mukongomani, Lusenda hawamjui, Tanzania hawamjui. Atajiandikisha kama nani?" Nikakusogezea sufuria. Nilikuwa na jibu, Riziki. Nikakusogezea sufuria.

Wiki mbili zilizopita Mama Anitha alikuja hapa, wewe ukiwa umekwenda kupiga picha za hati. Hakukaa. Alisema ofisi ya wakimbizi imemwambia kwamba mkalimani wa siku ile akiandika na kutia sahihi kuwa alikosea, faili litafunguliwa tena. Zaidi ya hapo hawakumwahidi kitu. Alisema, "Mama Riziki, unanikumbuka?"

Nikasema, "Sikukumbuki, mama."

Alinitazama. Akakaza kitenge chake kiunoni, akasema asante, akaondoka. Asante! Nilitaka anitukane. Nimekosa kulala vizuri siku nyingine, lakini siku ile nililala fofofo, na hilo ndilo lililonitisha. Asubuhi nilijiuliza kama bado mimi ni mtu.

Sikuandikii haya ili nikufundishe. Unakwenda kusomea lugha na utazipanga kwenye matawi, na utafurahi jibu likikujia haraka, kwa sababu una sikio, umelichukua kwangu. Sikuambii uache. Ile furaha ninaijua na bado naiona nzuri, mpaka sasa, na hilo linaniaibisha. Ninachojua mimi ni kimoja tu, kidogo, na ni cha ile jioni: mtu alisema neno, nikaulizwa anasema nini, nikajibu kitu kingine. Mti haukunilazimisha.

Leo asubuhi, ulipokuwa unasuka nywele, niliandika ile karatasi. Kwa Kifaransa, mistari minne. Nimeandika kwamba yule mama alijieleza mbele yangu na sikuyatafsiri maneno yake. Nimeandika maneno yake yenyewe. Nimeandika kwamba baadaye nilijua ukweli na nikanyamaza. Nimetia sahihi. Hospitalini ninakotafsiri sasa wakiisikia labda wataniondoa, na watakuwa na haki, nani atataka mdomo wangu kati yake na daktari? Baba yako nimemwambia kabla hamjatoka. Alikwenda kufunga begi, ndiyo maana mafundo ni saba.

Mlipoondoka niliipeleka mwenyewe kwao. Mama Anitha hasomi Kifaransa, kwa hiyo alimpa Anitha amsomee kwa sauti. Nilisimama pale mlangoni mwao nikasikiliza mtoto niliyemlisha akisoma. Hakukosea neno hata moja. Alipomaliza alikunja karatasi akampa mama yake, na mama yake akaniambia, "Mi nilikujua tangu siku ya kwanza Anitha alipotaja jina la mama wa rafiki yake. Lakini mutoto alikuwa amepata rafiki. Ningefanya nini?"

Nilimwomba msamaha. Akasema amesikia. Hakusema amenisamehe, akasema tu amesikia, na mimi sikumdai zaidi. Kesho kutwa atakwenda ofisini na mimi nitakwenda naye, akinikubali.

Anitha aliuliza jambo moja tu: "Riziki anajua?" Nikasema hapana. Akasema, "Basi sitamuaga kabla hajajua. Siwezi kumukumbatia pale bandarini na hii yote iko kati yetu."

Kwa hiyo umemkuta kwenye benchi mbele ya nyumba. Amekaa pale tangu saa tisa. Nimempelekea chai, ameikataa kwa heshima. Nimemwomba asikuambie kitu mpaka umalize kusoma, na amekubali, ndiyo maana amekusalimia na kunyamaza, na wewe umefikiri ni huzuni ya safari. Nilimuuliza kama kuna neno nikuandikie kwa niaba yake. Akasema hapana, neno lake atalitafsiri mwenyewe.

Toka nje, mwanangu. Mimi nitabaki humu ndani.

Mama yako